ECU Mbadala: Bei ya Kiboksi na Bei ya Kazi Nzima

Ukimuuliza mtu aliyefunga ECU mbadala (kompyuta ya kuendesha injini badala ya ile ya kiwandani) alitumia kiasi gani, atakutajia bei ya kiboksi. Mwombe risiti zote, hesabu inageuka. Kwa Subaru ya turbo, kiboksi cha dola 1,300 ni kama theluthi tu ya gharama ya vifaa hadi vifike gereji, na hapo fundi bado hajashika koleo. Ndiyo maana nyuma ya gereji nyingi utakuta Impreza imefunikwa turubai, waya zinaning'inia, mwenyewe amekwama katikati ya safari.

Tutafuata gari moja: Subaru Impreza WRX STI ya umbo la GDB, injini ya EJ20 ya turbo, gia za mkono, iliyoletwa kutoka Japani. Hesabu ya Toyota Chaser yenye injini ya 1JZ au Mitsubishi Evo yenye 4G63 inakwenda kwa njia hiyo hiyo. Bei zote hapa ni makadirio ya dola kwa vitu vipya. Zitumie kupima uzito wa mzigo, kisha omba bei halisi kwa maandishi.

Hatua ya 1: Hakikisha unaihitaji

Kompyuta ya kiwandani ya Subaru si ya kudharau. Kwa modeli nyingi za umbo hili programu yake huandikwa upya kwa kebo ya Tactrix OpenPort 2.0 pamoja na programu za bure za EcuFlash na RomRaider. Kama umebadilisha eksozi, pampu ya petroli na nozeli za wastani, na turbo bado ni ile ile au imepanda saizi moja, kuandika upya kutakupa karibu nguvu ile ile kwa sehemu ndogo ya pesa. Unabaki pia na soketi ya kusomea hitilafu, AC inayojiendesha na injini inayowaka asubuhi bila mabembelezo.

ECU mbadala inakuwa na maana pale turbo inapovuta hewa kupita uwezo wa sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini), pale unapotaka kutumia petroli iliyochanganywa na ethanoli, pale gari linapokwenda mashindanoni na unahitaji ulinzi wa injini na kumbukumbu ya data, au pale injini ilipohamishiwa kwenye gari lisilo lake.

Kuna njia ya tatu ambayo watu hushawishika nayo kwa sababu ya bei: viboksi vya kudanganya ishara ya MAF. Viepuke. Ukifunga nozeli kubwa kisha ukapunguza ishara ya hewa ili petroli isizidi, kompyuta ya kiwandani inaamini injini haina mzigo mkubwa, na kwa imani hiyo inaongeza taimingi. Petroli imekaa sawa, lakini cheche inawahi mno wakati turbo imejaza. Injini inaanza kunoki, yaani petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silinda, na pistoni za EJ20 hazina subira na kunoki: kuta nyembamba zinazoshika ringi hupasuka.

Hatua ya 2: Mpate fundi wa kutuni kabla ya kiboksi

Fundi wa kutuni ndiye anayepanga petroli na cheche ndani ya ECU, na hapa ndipo pesa nyingi huokolewa au hupotea. Kiboksi bora ambacho hakuna anayekifahamu mjini kwako kitakugharimu kuliko cha wastani ambacho fundi wako anakitumia kila wiki, kwa sababu utamlipa kwa saa huku anajifunza kwenye injini yako. Muulize maswali haya kabla hujaagiza kitu chochote: ni ECU gani amefunga kwenye EJ20, si kwenye magari kwa ujumla? Je, bei yake inahusisha kuwasha asubuhi injini ikiwa baridi, au ni nguvu ya juu peke yake? Ukirudi baada ya wiki mbili gari linazimika kwenye foleni, utalipa tena? Na je, atakuachia faili ya ramani (mipangilio hiyo ya petroli na cheche) bila nywila?

Swali la mwisho wengi huliona dogo. Ramani iliyofungwa kwa nywila ina maana kwamba kila marekebisho madogo, hata ya kasi ya feni, yanakurudisha kwa mtu yule yule. Akihama mji, unaanza upya. Yaandikeni makubaliano hayo mapema.

Kama karibu hakuna mashine ya daino (ya kupimia nguvu ya gari likiwa limesimama), kutuni kwa mbali kupitia intaneti kunafanya kazi vizuri, mradi uwe na kompyuta mpakato ya uhakika, sensa zote zilizotajwa hapa chini, na mahali palipofungwa pa kuendeshea. Barabara ya umma si mahali pa kupimia gia ya tatu hadi mizunguko 7,000.

Hatua ya 3: Kipigie kiboksi hesabu hadi mlangoni

Ngazi ya chini kabisa ni bodi za mradi huria wa Speeduino na zile za Megasquirt: dola mia chache, lakini zinadai uelewe elektroniki mwenyewe. Ngazi ya kati, ambayo inawafaa wasomaji wengi wa mwongozo huu, ni Link ya New Zealand, Haltech ya Australia, Ecumaster ya Poland na MaxxECU ya Sweden, kati ya dola 900 na 2,000. Juu yake kuna MoTeC, ambako kwenye familia ya M1 kiboksi na leseni ya programu vinalipiwa tofauti. Usilinganishe bei ya kiboksi kitupu na ya kingine kilichokamilika.

Uamuzi mkubwa zaidi ya jina la kampuni ni huu: kinachochomeka moja kwa moja kwenye soketi ya kiwandani, au cha kuunganishwa waya kwa waya? Cha kuchomeka kina bei ya juu kidogo lakini kinakuokoa siku nyingi za fundi wa umeme. Kwa gari linaloendeshwa kila siku, chukua cha kuchomeka kama kipo. Kabla ya kuagiza, hakikisha mwaka na aina ya gari lako: EJ20 za zamani zina meno 6 kwenye kranki na 7 kwenye kemshafti, za baadaye zina gurudumu la meno 36 lenye mapengo matatu ya meno mawili mawili. Hakikisha pia kama throto ni ya kebo au ya umeme, na kama injini ina AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha muda wa vali). Kiboksi kisichosoma mpangilio wa meno yako hakitawasha gari hilo, hata uandike ramani nzuri kiasi gani.

Sasa forodha. Kodi haikokotolewi kwa bei ya duka pekee. Inakokotolewa kwa bei, usafiri na bima kwa pamoja. Kiboksi cha dola 1,300, usafiri 85, bima 15: thamani ya forodha ni 1,400. Tuchukulie ushuru wa 25%, ambao ni dola 350. VAT ya Kenya ya 16% inatozwa juu ya jumla ya 1,750, yaani dola 280. Umefika 2,030 kabla ya tozo nyingine na ada ya wakala. Kwa VAT ya Tanzania ya 18% ni 2,065. Mwombe wakala akuthibitishie kundi la forodha la bidhaa hiyo kabla haijasafirishwa.

Cha mtumba kinaweza kupunguza mzigo huu, ila kwa masharti. Mwombe muuzaji akiunganishe na kompyuta mbele yako na afungue ramani, ujue kama kina nywila. Injini za Japani huja wakati mwingine na Apexi Power FC. Bila kidude chake cha mkononi, au kifaa cha kununua kando cha kuiunganisha na kompyuta, huwezi kuibadilisha.

Hatua ya 4: Vifaa vinavyofuatana nacho

Anza na sensa ya joto la hewa, kwa sababu hii huwashangaza watu. Kwenye GDB sensa hiyo imo ndani ya MAF. Ukiitoa MAF, umeitoa na yenyewe, na ECU inayohesabu hewa kwa shinikizo haiwezi kufanya kazi bila kujua joto. Nunua yenye ncha wazi inayoitikia haraka, na uifunge baada ya intakula (kipozea hewa ya turbo), kwenye bomba badala ya kwenye chuma cha manifoldi. Ikikaa kwenye chuma, gari likisimama kwenye foleni ya mchana inasoma joto la chuma, ECU inapunguza petroli kwa hewa "moto" ambayo haipo, na injini inaanza kukohoa.

Sensa ya shinikizo la manifoldi inatakiwa iwe ya bar 3 au 4 za jumla, yaani pamoja na shinikizo la hewa ya nje. ECU nyingine zinayo ndani. Sensa ya oksijeni ya masafa mapana, Bosch LSU 4.9 pamoja na kidhibiti chake, ni ya lazima. Ifunge baada ya turbo, imeinama angalau nyuzi 10 kutoka mlalo ili maji yasitulie ndani. Isiachwe kwenye eksozi bila umeme wakati injini inafanya kazi, maana hita yake ikizimwa sensa hiyo huharibika haraka. Ongeza sensa ya shinikizo la oili na ya shinikizo la petroli. Wengi huziruka hizi mbili ili kupunguza bajeti, nami naomba usiziruke: ulinzi wa injini uliolipia kwenye ECU haufanyi kazi bila macho hayo.

Nozeli zinahesabika. Injini ya turbo hula takriban kilo 0.27 za petroli kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Kwa farasi 300 ni kilo 81, yaani karibu lita 110 kwa saa, sawa na cc 1,830 kwa dakika. Gawanya kwa silinda 4 upate 458. Nozeli haitakiwi kufunguka zaidi ya 85% ya muda, kwa hiyo gawanya kwa 0.85: cc 539. Nunua za 650 ubaki na nafasi. Pima ukinzani: ohm 12 au zaidi zinaunganishwa moja kwa moja, za ohm 2 hadi 4 zinahitaji rezista au ECU yenye draiva maalumu, la sivyo unaunguza kiboksi. Dai pia jedwali la muda wa kuchelewa kufunguka kwa kila volti. Nozeli za bei rahisi zisizo na jedwali hilo zitamlia fundi wako saa nyingi akitafuta utulivu wa injini gari likiwa limesimama.

Pampu ya lita 255 kwa saa inatosha, lakini waya wa kiwandani hauipi volti ya kutosha. Vuta waya wa 4 mm² kutoka betri, na relei na fyuzi yake. Bidhaa bandia zimejaa sokoni, hasa pampu na nozeli. Peleka nozeli zote nne kwenye mashine ya kupimia kabla ya kufunga. Zisitofautiane zaidi ya 2% hivi.

Jumlisha: LSU na kidhibiti 220, sensa za joto na shinikizo la hewa 150, za oili na petroli 180, nozeli 500, pampu na waya wake 180, kebo ya mawasiliano 60, plagi, filta, mipira na klempu 150. Ni 1,440. Ongeza kama 30% ya usafiri na kodi, yaani 430. Pamoja na kiboksi umefika dola 3,900.

Hatua ya 5: Pima injini kabla ya kumlipa yeyote

Kipimo cha kompresheni, kipimo cha uvujaji wa silinda, moshi wa kutafuta matundu kwenye mabomba ya turbo, na shinikizo la petroli. Silinda zisiachane zaidi ya 10%. Nairobi geji itasoma chini kuliko Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo usiitupe injini nzima kwa kulinganisha na namba za pwani. Uvujaji ukizidi 20% kwenye silinda yoyote, simama hapo: pesa ya ECU iende kwenye injini kwanza.

Hatua ya 6: Waya

Hitilafu nyingi zinazolaumiwa ECU huzaliwa hapa. Hata kiboksi cha kuchomeka kitakuwa na sensa nne au tano mpya za kuvutiwa waya; cha kuunganisha chote kinaweza kula saa 25 hadi 40 za fundi makini, na lazima uagize na mkia wa waya wake, ambao mara nyingi huuzwa kando.

Kwa sensa tumia waya wa 0.35 mm², kwa nozeli 0.5 mm². Waya za sensa ya kranki na kemshafti ziwe zenye ngao, na ngao hiyo iungwe upande mmoja tu, wa ECU. Viungo vibanwe kwa koleo lake sahihi badala ya kuunguzwa risasi: palipoingia risasi waya hukakamaa, na mtikisiko wa injini huukata pembeni mwa kiungo. Hasi ya sensa zote irudi kwenye pini ya hasi ya sensa ya ECU. Ukiifunga kwenye bodi ya gari, kila feni inapowaka namba za joto na shinikizo zitaruka.

Jaribio la dakika moja: weka multimita kati ya hasi ya betri na hasi ya ECU, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kuna muunganisho mbovu wa hasi, usiendelee.

Sensa ya kunoki kaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), takriban Nm 20, juu ya chuma safi bila washa wala rangi. Ikilegea haisikii, ikizidi inapasuka.

Hatua ya 7: Kuwasha mara ya kwanza

Chomoa nozeli, piga stata, uone kama ECU inasoma mizunguko na kama shinikizo la oili linapanda. Kisha rudisha nozeli, washa, na kitu cha kwanza kabla ya kushangilia ni taa ya taimingi. Fungia ECU kwenye nyuzi 10, angalia alama kwenye puli ya kranki. Kama taa inaonyesha 18, basi kila nyuzi utakayoandika kwenye ramani itakuwa na 8 za ziada usizoziona. Rekebisha hadi zilingane, kisha pandisha hadi mizunguko 3,000, alama isitembee. Ikitembea, kuna tatizo la ishara ya kranki, na kutuni juu yake ni kujenga kwenye mchanga.

Hatua ya 8: Kutuni, na suala la mwinuko

Tenga saa 6 hadi 10 za daino na asubuhi kadhaa za kuwasha injini baridi. Nguvu ya juu huchukua muda mfupi. Kinachokula siku ni kuwasha, kutulia gari likisimama, AC inapoingia, na kukanyaga mafuta taratibu. Ukikuta bei rahisi sana, sehemu hiyo ndiyo iliyokatwa.

GDB nyingi za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, inayouzwa kwa oktani 98 hadi 100. Ramani ya Japani iliyopakuliwa mtandaoni haifai kwa petroli ya pampu zetu. Fundi aanze na taimingi ya chini na busti (shinikizo la turbo) ya chini, apandishe kidogo kidogo akisikiliza kunoki kwa vipokea sauti.

Mwinuko una hesabu yake. Shinikizo la hewa Nairobi ni kama kPa 82, Mombasa 101. Busti ya bar 1 kwenye geji ni kPa 182 Nairobi, na 201 Mombasa. Gari lililotuniwa Nairobi pekee likishuka pwani linaingia kwenye safu za ramani ambazo hakuna aliyezigusa, kwenye joto kubwa zaidi, na hapo ndipo pistoni huondoka. Mwambie fundi ajaze safu hizo kwa tahadhari: petroli zaidi, taimingi pungufu, na busti ikatwe ikifika kikomo. Kinyume chake nacho kinauma. Ukipanga lengo la kPa 200 za jumla ukiwa pwani, Nairobi turbo italazimika kuzidisha hewa mara 2.4 badala ya 2, na itazunguka kwa kasi ambayo haikukusudiwa.

Hakikisha ECU ina sensa ya shinikizo la hewa ya nje inayosoma muda wote. Nyingine husoma mara moja tu unapowasha swichi. Ukitoka Mombasa na kupanda hadi Nairobi bila kuzima, bado inaamini iko baharini.

Kabla ya kulipa, wekeni ulinzi: injini ikatwe pale shinikizo la oili likishuka chini ya kiwango kwa mizunguko husika, shinikizo la petroli likishuka, au mchanganyiko ukipungukiwa petroli wakati wa busti. Mjaribu angalau kimoja mbele ya macho yako, gari likiwa limesimama.

Hatua ya 9: Makabidhiano

Pokea faili ya ramani kwenye flashi, mchoro wa waya zote zilizoongezwa, na orodha ya sensa na mipangilio yake. Ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa. Weka akiba ya LSU moja kwa mwaka, maana inachakaa. Kompyuta ya kiwandani na MAF yake zifunge kwenye mfuko mkavu, uzibandike namba ya chesisi, uzitunze ndani ya nyumba. Kiboksi cha kuchomeka kinatoka kwa dakika chache, lakini nozeli, plagi na eneo la MAF navyo lazima virudi vya kiwandani kabla hujalirudisha gari kwenye kompyuta yake ya zamani.